Buta ya kwanza ya fundi wa Kambove

Kambove. Mwezi wa sita, wakati baridi ya asubuhi inaanza kuuma na moshi wa moto wa porini unaonekana kila upande wa muji, fundi mmoja wa kuunganisha vyuma aliletewa upinde. Haukuwa upinde wa mti. Ulikuwa upinde wa puli, ule wenye magurudumu mawili kwenye ncha zake na kamba zinazopishana katikati. Aliyeuleta ni dereva wa lori anayepita Kasumbalesa kila mwezi kwenda Afrika Kusini na kurudi. Aliufungua kwenye kibanda cha fundi, juu ya meza ya kazi, kati ya baguette za kuchomelea na mlango wa chuma ambao haujaisha. Alisema: dolari 250, kwa sababu wewe ni ndugu.

Upinde mpya wa namna hiyo, pamoja na vifaa vyake vya kuanzia, unauzwa huko nje kati ya dolari 300 na 500. Basi 250 ilionekana kama bahati. Fundi aliomba juma moja la kufikiri, na dereva akakubali, akauacha.

Juma hilo likawa wiki sita. Kilichotokea ndani ya wiki hizo kinafaa kusimuliwa, kwa sababu vijana wengi hapa na Likasi wanaangalia video zilezile kwenye simu na wanatamani kitu kilekile, na kwa sababu katika kartie zetu kuna familia ambazo neno mshale halina maana ya mchezo kwao.

Fundi ana miaka 32, mke na watoto wawili. Hakuwahi kuwinda. Alizaliwa hapa, kwenye muji uliofikiwa na reli mwaka 1913 kwa ajili ya shaba, na baba yake alikula mshahara wa mgodi. Alitaka mambo mawili: mazoezi ya Jumapili mchana badala ya kukaa kwenye pombe, na siku moja kurudi na ndezi au kanga bila kutafuta bunduki. Bunduki hapa ni matatizo. Ukionekana nayo, hakuna anayekuuliza kama ni ya ndezi.

Katika parsele yake anaishi baba yake mkubwa, mzee aliyefika mwaka 2017 kutoka upande wa Pweto akiwa na mfuko mmoja na kisu. Mwaka ule watu wengi wa Pweto walivuka mpaka hadi Zambia, upande wa Nchelenge. Mzee alikuja huku kwa sababu huku ana damu yake. Kule alikuwa muwindaji anayejulikana. Hapa Kambove anachunga mbuzi watatu na anatengeneza mipini ya majembe. Toka afike hakushika upinde.

Jioni ya kwanza parsele ilijaa. Kila kijana wa njia alitaka kuvuta. Upinde uliandikwa paundi 70, na paundi 70 ni karibu kilo 32, yaani zaidi ya mfuko wa bunga wa kilo 25, na unauvuta kwa vidole na mgongo, hauubebi begani. Wale wenye nguvu waliuinua juu kuelekea mbinguni, wakasukuma kwa mkono mmoja na kuvuta kwa mwingine, wakatetemeka, na wawili walifika mwisho. Fundi mwenyewe alifika mara moja. Watu walipiga makofi.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake kidogo karibu na moto. Alipoulizwa, alimwambia fundi: «Ikala chini, hapa kwa kiti. Vuta sasa, lakini usiangalie juu.»

Fundi alikaa, akanyoosha upinde mbele yake sawa na bega, akavuta. Kamba ilikuja nusu, ikagoma.

«Wanyama habangojake usimame muzuri,» mzee alisema. «Ile nguvu unatafuta mu mukono, iko mu mugongo. Na hii buta haiko yako. Iko ya ule aliyeiuzisha.»

Hilo ni kosa la wengi wanaonunua upinde wa kwanza: kununua uzito wa mtu mwingine. Uzito mkubwa unapendeza kwenye video. Lakini mtu anayepigana na upinde wake hawezi kulenga. Bega linachoka baada ya mishale kumi, mwili unajifunza tabia mbaya, na tabia hiyo haitoki tena kwa urahisi. Kwa mtu mzima anayeanza, paundi 40 hadi 50 zinatosha kabisa kwa mazoezi na hata kwa mnyama wa ukubwa wa funo, kama mshale una ncha kali na umepigwa karibu. Majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu kuwinda swala mkubwa wa kule kwa upinde unaoanzia paundi 35 au 40. Kwa hiyo 70 si lazima kwa mtu anayetafuta ndezi nyuma ya mashamba ya mahindi.

Inafaa kueleza kidogo puli zenyewe zinafanya nini, maana wengi wanafikiri ni pambo. Upinde huu si wa zamani. Holless Wilbur Allen, mtu wa Missouri huko Marekani, aliomba haki ya uvumbuzi wake mwaka 1966 na akaipata mwaka 1969. Mtu aliyefanya kazi kwenye mgodi ataelewa haraka, kwa kuwa puli ndizo zilizoshusha na kupandisha baba zetu. Tofauti ni kwamba puli za upinde wa leo si duara kamili, zimekatwa kama yai. Ukianza kuvuta, uzito unapanda. Ukikaribia mwisho, unashuka ghafla. Upinde wa paundi 50 unaopunguza asilimia 80 utakuachia paundi 10 tu mkononi wakati umevuta kabisa, kilo nne na nusu hivi. Unaweza kukaa hivyo, ukapumua, ukangoja mnyama ageuze ubavu. Upinde wa mti haukupi nafasi hiyo: kadiri unavyovuta, ndivyo unavyozidi kuwa mzito, na mwisho ndipo penye uzito wote.

Lakini puli zina bei nyingine ambayo dereva hakuitaja. Upinde wa mti ukikatika kamba, unasuka nyingine jioni hiyohiyo. Upinde wa puli ukitoka kamba, unahitaji mashine maalum ya kukandamiza mabawa yake kabla ya kugusa chochote. Kambove haina mashine hiyo. Fundi wetu alisema anaweza kuitengeneza mwenyewe kwa chuma na boloti mbili ndefu, na labda ni kweli, ni fundi hodari. Mke wake alisema kwanza amalize mlango wa watu.

Siku ya tatu walipima mwili. Jambo hili ni rahisi na halina gharama, na lingefanywa kabla ya kuita dereva. Fundi alisimama ukutani, mikono imenyooshwa pande zote mbili, mtoto wake akaweka alama za makala kwenye ncha za vidole. Sentimita 172. Unagawa kwa 2.5 unapata 68.8, na huo ndio urefu wa kuvuta unaomfaa, kwa kipimo cha inchi ni 27. Upinde wa dereva ulikuwa umewekwa kwenye inchi 30. Inchi tatu zinaonekana ni kidogo, lakini zinapitisha mkono nyuma ya sikio. Uso hauna mahali pa kushika, na kamba inakuja kupiga mkono wa mbele. Fundi alikuwa tayari ana alama nyekundu ndani ya kiwiko. Pinde nyingine zinapunguzwa kwa ufunguo mdogo wa pembe sita. Huu ulihitaji kubadilishwa puli zenyewe.

Halafu jicho. Unanyoosha mikono mbele, unaunganisha viganja hadi kibaki kitundu kidogo, unaangalia kitasa cha mlango kupitia kitundu hicho macho yote mawili wazi. Unafumba jicho moja, kisha lingine. Jicho ambalo kitasa kinabaki ndani ya kitundu ndilo linaloongoza. Fundi ni mtu wa mkono wa kulia katika kila kitu, lakini jicho lililoongoza lilikuwa la kushoto. Alirudia mara nne. Mke wake akajaribu, wa kulia. Mtoto, wa kulia. Yeye, kushoto.

Na upinde wa puli unatengenezwa ama kwa mtu wa kulia ama kwa mtu wa kushoto. Kitundu cha kulengea, mahali pa kupitisha mshale, vyote viko upande mmoja, hugeuzi. Mwenye jicho la kushoto na mkono wa kulia ana njia mbili: kujifunza upya kuvuta kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwa mtu anayeanza si gumu kama anavyoogopa, au kufunika jicho lake zuri maisha yote ya upinde wake. Fundi aliuliza kama hawezi kuzoea tu. Mzee alicheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi, wanasema watu wa nyumba.

Siku ya tano walikagua mabawa. Hilo alilisikia kwenye simu: unachukua pamba safi, ileile ya kituo cha afya, unaipitisha polepole kwenye mabawa ya juu na ya chini. Kama nyuzi za pamba zinanasa, pana ufa ambao jicho halioni. Zilinasa, karibu na puli ya chini. Pengine mtu aliwahi kuachia kamba bila mshale. Kila mgeni wa upinde anataka kufanya hivyo: anavuta, anaona raha, anaachia hewani. Nguvu ambayo ingeenda na mshale inarudi ndani ya upinde wenyewe, na unaweza kupasuka mara hiyo au baada ya mwezi, mbele ya uso wa mtu mwingine. Jioni ile ya kwanza, kati ya vijana wote waliovuta, ilikuwa bahati kwamba hakuna aliyeachia.

Mpaka hapo hii ingekuwa habari ya kununua vibaya na kuponea. Lakini siku ya sita mke wa fundi alitoka asubuhi kuchota maji, akasalimia jirani juu ya ukuta, jirani hakujibu.

Jirani ni mama mjane mwenye watoto wanne. Anauza sombe na ndimu njiani. Alitoka Nyunzu, jimbo la Tanganyika, akapita Kalemie, akafika huku baada ya miaka. Hapa haitaandikwa ni wa kabila gani. Kambove inamjua kwa sombe yake, inatosha. Nyunzu ni mahali ambapo, kuanzia mwaka 2013, Watwa na Waluba waliokuwa wakioana kidogo, wakifanyiana kazi na kugombana kama majirani wowote, walianza kuuana. Silaha nyingi hazikuwa bunduki. Tarehe 30 Aprili 2015, kambi ya wahami karibu na Nyunzu, iliyoitwa Vumilia 1, ilishambuliwa asubuhi kwa mapanga, mishale na mashoka, na watu wasiopungua 30 waliuawa. Vijiji vya pande zote mbili vilichomwa. Vita ilishuka mpaka Pweto. Kwa wasikilizaji waliotoka kule haya si habari mpya, na yanaandikwa hapa kwa ajili ya wale wengine, wanaofikiri upinde ni kitu cha filamu.

Mama huyo aliona, juu ya ukuta, vijana kumi na watano wanazunguka upinde na kupiga makofi. Aliona mishale mitano imesimamishwa kwenye ndoo. Usiku huo alilaza watoto wote katika chumba cha nyuma, akaweka meza mlangoni. Kesho yake mtoto wake wa pili hakwenda masomo. Siku sita hakuna aliyejua.

Mke wa fundi ndiye aliyekwenda, na alikwenda peke yake, na bakuli la bunga. Mama alimuuliza swali moja tu kabla ya kumkaribisha: «Muko na sumu?»

Kwa nini sumu? Kwa sababu kule, mshale uliopakwa sumu ya muwindaji ndio uliofanya kidonda kidogo kiwe kifo. Mtu alikuwa anachubuliwa mkono, anakimbia, anafika, anakufa akiwa amefika. Mke wa fundi alisema hapana, hatuna sumu, ni kitu cha kuchezea cha mume wangu. Neno la kuchezea halikusaidia.

Jioni hiyo fundi alikasirika. Inaeleweka. Alisema yeye hakumfanyia mtu kitu, pesa ni zake, parsele ni yake, na Nyunzu iko mbali. Mzee alimwacha aseme yote. Kisha alimweleza kwa nini yeye mwenyewe, muwindaji, aliacha upinde wake Pweto akiwa na nafasi ya kuubeba. Njiani, mwaka 2017, kila mtu mwenye upinde alikuwa mpiganaji machoni pa watu wote: machoni pa askari, machoni pa wale waliotoka upande wa pili, machoni pa wanawake waliokuwa wakitembea mbele na watoto. Aliuegemeza kwenye mti, akaendelea. Miaka thelathini ya uwindaji, alisema, na mwisho wake ni kuogopesha batoto ya bengine.

Ni jambo la kusikitisha zaidi ukikumbuka upinde ulikuwa nini katika nchi hii. Neno letu uta na neno buta la wazee wa Katanga ni neno moja. Waluba wanasimulia kwamba ufalme wao uliletwa na muwindaji, Mbidi Kiluwe, aliyetoka mashariki akiwa na adabu ya kifalme, na kwamba mwanawe Kalala Ilunga ndiye aliyemshinda Nkongolo aliyekuwa mkali. Wafalme wa baada yake waliweka upinde kama alama ya enzi, juu ya kishikio cha matawi matatu kilichochongwa sura ya mwanamke, na mguu wake wa chuma wa kuchomeka ardhini. Vishikio hivyo havikuoneshwa barazani. Vilikaa ndani, katika nyumba maalum, chini ya ulinzi wa mwanamke aliyepewa kazi hiyo. Leo vingine viko Tervuren, Ubelgiji, nyuma ya vioo, na kila anayelipa tiketi anavitazama. Kwa hiyo upinde wa muwindaji wa kwanza ulifichwa kwa heshima. Mzee wa Pweto alikuwa anauficha kwa haya.

Hakuna aliyemwambia fundi aache. Hilo linafaa kusemwa, kwa sababu ingekuwa rahisi kumaliza habari hapo, upinde urudi Kasumbalesa na kila mtu alale. Mama wa Nyunzu mwenyewe hakuomba hivyo. Alipokuja siku mbili baadaye, akakaa kwenye kiti alichopewa, alisema maneno machache: «Miye siwezi kukataza mutu na kintu yake. Lakini munijulishe mbele. Nisione tu.»

Ndipo likaanza kazi la kuchagua kweli.

Kwanza upinde wa dereva ulirudishwa. Dereva alinung'unika kuhusu juma moja lililokuwa wiki tatu, akaoneshwa pamba iliyonasa, akanyamaza. Pesa hazikuwa zimetolewa, na huo ndio ushauri mzuri kuliko wote katika habari hii yote.

Pili walikwenda kwa chefu wa kartie, fundi na mzee pamoja, mzee akiwa na kofia yake ya sherehe. Walisema wanachotaka kufanya, wapi, saa ngapi. Chefu aliandika kwenye daftari. Aliwakumbusha pia kitu ambacho fundi hakukifikiria: mazoezi ni mazoezi, lakini kuwinda ni jambo la sheria. Sheria ya uwindaji ya Kongo ni ya tarehe 28 Mei 1982, nayo inataka kibali, hata kama silaha yako haina risasi. Kuna wanyama wanaolindwa kabisa na wengine nusu, na kuna msimu wa kufungwa uwindaji. Upemba, mbuga ya tangu 1939, na Kundelungu, ya tangu 1970, haziingiliki kabisa na upinde wala mtego. Na ukweli mwingine ambao kila mchoma makala anaujua: karibu na Kambove wanyama wamekwisha. Kati ya machimbo, makala na moto wa kila mwaka, mtu anaweza kutembea siku nzima na kuona panzi. Yule anayenunua upinde wa dolari 400 akitegemea kulisha nyumba kwa nyama ya pori amekosea hesabu. Dolari 400 zinanunua mbuzi kadhaa, na mbuzi hawakimbii.

Fundi alisikia yote hayo, akabaki anataka. Kuna watu wanaopenda mpira, yeye alipenda sauti ya mshale unapofika.

Tatu, mzee alitengeneza upinde. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa na kipande cha mti alichokikausha juu ya moshi wa jiko kwa mpini, kimenyooka, hakina fundo. Alikichonga siku nne, akifuata mshipa wa mti upande wa nje bila kuukata hata mahali pamoja, kwa sababu pale unapoukata ndipo utakapovunjika. Kila saa aliuegemeza, akaupinda kidogo, akaangalia kama mabawa yote mawili yanapinda sawa, akachonga tena pale palipokuwa pagumu. Kamba ni ya nailoni, ya gunia. Ulipopimwa kwa mizani ya kuuzia samaki ulikuwa kilo 14, yaani kama paundi 31. Hauna upande; mwenye jicho la kushoto anaushika kwa mkono wa kulia na kuvuta kwa wa kushoto, basi.

Fundi alikuwa na haya kidogo. Miaka 32, na upinde wa mtoto. Lakini huko Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, Wahadza wanaoishi kwa uwindaji mpaka leo wanampa mtoto wa kiume upinde wake wa kwanza akiwa na miaka kama mitatu, mdogo kama mkono wake, na anabadilisha upinde kadiri anavyokua, mpaka afike ule wa wanaume ambao mgeni mwenye misuli anashindwa kuuvuta. Hakuna Mhadza anayeanzia mwisho.

Mahali pa mazoezi palichaguliwa na mama wa Nyunzu, ingawa yeye hatasema hivyo. Alisema tu wapi watoto hawapiti. Ni nyuma ya kartie, kwenye kichuguu kikubwa, kile ambacho watu walichimba upande mmoja kwa matofali na kubakiza ukuta wa udongo mrefu kuliko watu wawili. Yeyote aliyekaa Katanga anajua vichuguu vyetu. Mshale uliokosa gunia unaingia kwenye udongo, haupiti. Mbele yake fundi alisimamisha gunia la nguo kuukuu lililoshindiliwa, na akatengeneza fremu ya chuma, kazi yake hiyo. Kuanzia mita 8, siyo 20. Mishale inahesabiwa kabla na baada. Kila mshale unapindwa kidogo kwa mikono na kusikilizwa kabla ya kuwekwa kambani, maana ulio na ufa unaweza kuvunjika wakati wa kuachia na kuingia kwenye mkono. Ncha ni butu, za kuzunguka, fundi alizitengeneza kutoka boloti. Upinde unatoka nyumbani ukiwa umefungwa ndani ya kitenge, kamba imelegezwa, na kabla ya kutoka mke wa fundi anapiga hodi kwa jirani kusema: banaenda.

Jumapili za kwanza alikosa gunia lote. Mzee alikuwa anasimama nyuma yake, anagusa bega lililopanda, anasema shusha. Baada ya mwezi alikuwa anaweka mishale mitatu kati ya mitano ndani ya duara la sahani ya bukari. Mzee alimfundisha pia mambo ya mnyama, ijapokuwa hakuna mnyama. Kwamba mshale haushindi kwa kishindo kama risasi, unakata, na kwa hiyo ncha isiyonyoa nywele za mkono ni dhambi. Kwamba unapiga karibu au huachii. Kwamba ukipiga, ukae chini, usimfukuze. Ukimfukuza anakimbia mbali akifa, ukingoja analala karibu. Nusu saa. Mzee alisema nusu saa hiyo ndiyo inayoonesha nani ni muwindaji.

Sasa fundi anaweka pesa. Ana dolari 180 kwenye kopo, na orodha kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na meza ya kazi: upinde wa mkono wa kushoto, unaoweza kuongezwa uzito pole pole kutoka mdogo mpaka paundi 50, urefu unaorekebishwa kwa ufunguo, uanze chini ya inchi 27, mabawa mapya, na kamba mpya ikiwa umetumika, kwa sababu kamba inachakaa hata usipoutumia, mishale inayolingana na uzito wake, si yoyote. Dereva ameoneshwa karatasi hiyo, akaipiga picha. Atatafuta. Fundi amemwambia hana haraka, na kwa sura yake inaonekana ni kweli.

Jumapili iliyopita mtoto wa pili wa mama wa Nyunzu, yule aliyekosa masomo, alifuata mpaka karibu na kichuguu. Alisimama mbali, mama yake nyuma yake na beseni la sombe kichwani. Fundi aliwaona, akashusha upinde, akalegeza kamba. Mzee alikwenda kuchomoa mishale, akairudisha, akampa mama mmoja mkononi. Aligusa ile boloti ya mbele kwa kidole gumba, akazungusha, akanusa.

«Haiko na kintu,» alisema.

Akarudisha mshale kwa mzee, akasimama pale na mtoto wake mpaka mishale mitano ilipokwisha, kisha akaenda njiani kuuza.